Sitara ya Mwari Darasani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliuacha mwambao wa Nchelenge, huko Zambia kwenye Ziwa Mweru, pale sokoni Kashikishi, dagaa waitwao chisense wakianikwa juani, na ng'ambo ya ziwa ikiwa ni Pweto na Kilwa ya Kongo, ambako Kiswahili chasemwa sokoni. Leo natuingie darasani, tumtazame msichana ambaye kengele imekwisha lia na wenzake wametoka, naye yu kitako dawatini, hathubutu kuinuka, hata rafiki yake arejee kimyakimya, amfunge chitenge kiunoni na kumfuata nyuma mpaka chooni.

Wazee wa nchi ile hawakuipuuza hedhi iliyomkalisha pale. Bibi Audrey Richards, mwanachuoni wa Kiingereza, alihudhuria mwaka 1931 unyago wa Wabemba uitwao chisungu, na katika kitabu chake kilichotoka 1956 akaeleza jinsi mwari alivyofundwa na nachimbusa, ambaye sisi watu wa pwani tungemwita kungwi, kwa nyimbo na kwa vinyago vya udongo. Elimu ile ilikuwa ya wanawake kwa wanawake. Aliyoyapata mvulana aghalabu yalikuwa ni miiko tu, kama ule wa kwamba aliye mwezini asitie chumvi chunguni, na mtu aliyepewa mwiko bila ya sababu yake hana budi ama kuogopa ama kucheka.

Utafiti wa shule za Mumbwa na Rufunsa, wilaya zilizo mbali na Mweru lakini katika Zambia ile ile, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta wasichana wakikosa masomo na michezo kwa kuchelea dhihaka, hususan ya wavulana, ambao nao walidai kumtambua mwenye hedhi kwa harufu na kwa kujitenga kwake. Vyoo havikuwa na sabuni wala maji, wala milango ya kufunga. Na asidhani mtu kuwa kukaa ukingoni mwa ziwa ni kinga, maana ziwa halijichoti. Lakini kusema hususan ya wavulana si kusema ya wavulana peke yao. Hapo ndipo ninapoachana na wale wamtwikao mvulana lawama yote, kwani siri iliyokusudiwa kuwa sitara imekuwa fedheha, na wanaoilinda fedheha hiyo ni wa kike na wa kiume pia.

Mvulana hahitaji mengi: ajue kuwa damu ile si maradhi wala uchafu wa tabia, atoe sweta lake likihitajiwa, kisha asilitangaze jambo hilo. Walimu wa Nchelenge, waambieni wavulana hayo mbele ya wasichana, si faraghani.

Mwanamke wa kazini hedhi yake imekwisha wekewa nafasi: Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 humruhusu mwanamke aliyeajiriwa kukosa kazi siku moja kila mwezi bila ya cheti cha daktari, na Wazambia wenyewe huiita Siku ya Mama. Mwanafunzi hamo katika sheria hiyo.