Utangulizi: Kuzisoma Dramu Kuukuu za Kijapani, Tukianzia Voi

Anayeingia katika elimu hii si lazima awe mpiga ngoma. Anahitaji macho yenye subira, sumaku ndogo, rula, na moyo wa kuheshimu kazi ya mikono ya watu asiowajua. Kitabu hiki ni cha mwalimu wa kwaya wa Wundanyi, seremala wa Mwatate, mwanafunzi wa Voi, na yeyote aliyewahi kukuta katika stoo ya kanisa au ukumbi seti ya dramu iliyovuliwa ngozi na kufunikwa vumbi jekundu. Karibu.

Historia ya muziki wetu imeandikwa zaidi kupitia waimbaji na wapiga gitaa. Jina la Fadhili William Mdawida, mwana wa Taita, linajulikana popote Malaika inapoimbwa. Dramu zilizobeba mdundo nyuma ya waimbaji wa enzi hizo ni nadra kuandikiwa hata ukurasa mmoja. Hiyo ni hasara, kwa kuwa dramu huhifadhi mwilini mwake habari ambazo hazikuandikwa kwingine.

Tuanze na asili. Mwaka 1946 Katsumi Yanagisawa alifungua karakana Sumida, Tokyo, akitengeneza stendi za kuwekea karatasi za muziki. Mwaka 1950 aligeukia ngoma, na kampuni yake ndiyo Pearl. Hoshino Gakki ya Nagoya, iliyoanza mwaka 1908, iliingia katika utengenezaji wa dramu mwaka 1965 kwa jina la Star, kabla ya Tama kushika nafasi hiyo mwaka 1974. Yamaha ilianza kutengeneza dramu mwaka 1967. Katikati ya hayo, Februari 1964, Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani, Ringo Starr akipiga dramu za Ludwig za Chicago, na vijana wa nchi nyingi wakatamani seti kama ile. Bei iliwashinda wengi. Viwanda vya Japani vikawauzia seti za bei nafuu, na waagizaji wa ng'ambo wakazibandika majina yao wenyewe.

Hapo ndipo ugumu wa utambuzi unapoanzia. Beji inaweza kutaja muuzaji badala ya mtengenezaji, na seti mbili zenye majina tofauti huenda zilitoka kiwanda kimoja. Nyingi hazina namba ya kuzitambulisha. Ndiyo maana sisi tunasoma mwili kwanza, beji baadaye. Chungulia ndani: plaiwudi nyembamba ya luan, mti wa Kusini-mashariki mwa Asia, yenye pete za mbao za kuimarisha kingo, ni dalili nzuri ya seti ya bei nafuu ya miaka ya 1960. Kisha tazama umbo la vishikio vya skrubu ubavuni na ulilinganishe na picha za katalogi za zamani. Weka sumaku: ikinata kwenye pete ya nje, hiyo ni chuma, isiponata kwenye kishikio, huenda ni aloi ya zinki, ambayo hupasuka ikikazwa kwa nguvu. Skrubu za Kijapani za enzi hiyo nyingi hufuata milimita, ilhali za Kimarekani hufuata inchi. Skrubu inayokataa kuingia isilazimishwe, kwa sababu meno yakisagika umeharibu chombo na ushahidi kwa pamoja.

Taita Taveta inaongeza somo ambalo katalogi hazina. Voi ni njia panda: reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa kabla ya karne ya 20 kuanza, na tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chombo kinachokutwa hapa kinaweza kuwa kimeishi pwani, nyikani na milimani. Hewa ya chumvi huacha kwenye kromu vitone vidogo vya kutu. Joto kavu la Voi husinyaza plastiki ya rangi iliyogandishwa juu ya mbao, ikaachia kwenye kiungo. Ukungu wa milima ya Taita huleta kuvu ndani ya plaiwudi. Alama moja ni dokezo tu. Kadhaa zikikubaliana, na mmiliki akasimulia, safari ya chombo huanza kuonekana.

Kuna wanaoamini kwamba kukarabati ni kurudisha dramu jinsi ilivyotoka kiwandani. Mimi siafiki. Unaweza kukuta boliti ya baiskeli mahali pa skrubu iliyopotea, rangi ya geti juu ya plastiki iliyochanika, au ngozi ya mbuzi iliyowambwa pale ya plastiki ilipokosekana. Wadawida, yaani Wataita, walikuwa mafundi wa kuwamba ngoma muda mrefu kabla ya seti hizi kufika, na ngoma za mwazindika, zinazopigwa katika tiba ya pepo, ni ushahidi wa ujuzi huo. Fundi wa Taita aliyewamba ngozi ya mbuzi juu ya plaiwudi ya Tokyo ameandika sura ya historia ya Kenya. Kuibandua bila kuipiga picha ni kuichana sura hiyo. Zuia kutu inayoendelea, gandisha plaiwudi inayoachana, na kila unachoongeza kiwe kitu ambacho fundi wa kesho anaweza kukiondoa bila madhara.

Sura zinazofuata zitachukua mbao, chuma, plastiki na ngozi, kila moja kwa zamu yake. Lakini kazi inaweza kuanza leo, kabla hujafika huko. Tafuta seti iliyo karibu nawe, omba ruhusa, pima kipenyo na kina cha kila ngoma, piga picha za ndani na nje, kisha muulize aliyeitunza ilitoka wapi na ni nani waliowahi kuipiga. Andika majibu yake kabla ya kushika bisibisi. Seti moja iliyoandikwa hivyo itawafaa watafiti kuliko kumi zilizong'arishwa bila kumbukumbu.