Chokaa, Majivu na Ardhi Isiyotulia ya Kikatiti

Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi, akiisha kupita Usa River na Maji ya Chai, hufika Kikatiti, ambako udongo wa volkano ulioshuka kutoka Mlima Meru hukutana na udongo mweusi wa mbuga katika nyanda za chini. Na udongo huo mweusi, ambao kwa mkulima ni neema, kwa mwashi ni hasimu. Wakati wa masika hunywa maji ukavimba, na kiangazi kiwadiapo hukauka, ukasinyaa na kupasuka, hata nyumba iliyo juu yake ikainuliwa na kushushwa mwaka baada ya mwaka, kuta zikafanya nyufa za mshazari tokea pembe za madirisha, na milango ikakataa kufungwa. Aghalabu lawama humwangukia fundi, ilhali taksiri yake, kama ipo, ni kutoujua udongo aliojengea.

Chanzo ni madini yaitwayo montmoriloniti, ambayo kila chembe yake ni matabaka membamba yaliyopangana mithili ya kurasa za kitabu, na maji hujipenyeza baina ya kurasa hizo yakazitenga. Chokaa iingiapo humo, kalisi yake hutwaa nafasi ya sodiamu iliyoshikamana na matabaka, chembe zikagandamana, na udongo uliokuwa ukinata ukawa wa kumeguka kwa muda wa saa chache. Kisha huanza kazi ya pili, ya polepole na yenye thamani kubwa zaidi: ukali wa chokaa huyeyusha silika na alumina, nazo zikiungana na kalisi hufanya gundi ya jamii moja na ile ya saruji, ikakomaa kwa miezi mingi.

Gundi hiyo huongezeka tukiipa silika zaidi, na silika tunaitupa. Kiwanda cha sukari cha TPC, kusini ya Moshi, huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme, na majivu yabakiayo yamejaa silika. Vivyo hivyo majivu ya pumba za mpunga, maadamu zimechomwa kwa moto usiopita kiasi. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, na wahenga wetu wa Kilwa walichoma matumbawe kupata chokaa ya misikiti ambayo magofu yake yangali yamesimama. Elimu hii, basi, si ngeni kwetu.

Wataalamu wetu nao hawakulala. Charles Lucian, katika tasnifu yake ya mwaka 2008 iliyotolewa Stockholm, alichunguza nyumba zilizojengwa juu ya udongo wa kuvimba huko Kibaha. Na mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaeleza namna ya kuimarisha udongo kwa chokaa. Lakini mwongozo huo ni wa barabara, na mjenzi wa vyumba vitatu hana mhandisi wa kumsomea.

Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 10. Kuimarisha sentimita 30 za udongo chini yake ni mita za ujazo 24, yaani takriban tani 36 za udongo mkavu. Kwa chokaa ya asilimia 5, hiyo ni kilo 1,800, au mifuko 72 ya kilo 25. Si gharama ndogo, na hapo ndipo majivu yanapostahili heshima, kwa kuwa yakipimwa vema huweza kupunguza chokaa inayohitajika.

Neno hilo la kupima nalitilia mkazo kwa dhati. Udongo wenye salfeti nyingi, ukitiwa chokaa, huweza kuzaa fuwele zinazovimba kuliko udongo wenyewe, na dawa ikawa maradhi. Fauka ya hayo, chokaa huunguza macho na mapafu, nayo yataka kuchanganywa sawasawa, kutiwa maji ya kadiri, na kushindiliwa barabara. Halmashauri ya Meru ingefanya hisani kubwa endapo kila aombaye kibali cha ujenzi katika nyanda hizo angepimiwa udongo wake kwa ada nafuu, kabla jiwe la kwanza la msingi halijalazwa.