Televisheni ya Kujibizana na Njia ya Kurudi

Mji wa Mafinga, katika Wilaya ya Mufindi, uko kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kilometa 80 hivi kutoka Iringa. Ni nchi ya juu, yenye baridi kali mwezi wa Juni na Julai, na watu wake hutegemea sana miti, mbao na chai. Jioni, kazi zikiisha, wengi hukaa mbele ya televisheni: baadhi nyumbani mwao, baadhi katika mabanda ya kuonyeshea mpira ambayo wananchi wameyapa jina la “vibanda umiza”. Madishi yako juu ya mapaa ya bati, na picha ziingiazo humo ni zilezile azionazo mkazi wa Dar es Salaam, tena kwa wakati uleule. Lakini mkazi wa Mafinga akitaka kuuliza swali, au kumkosoa mtangazaji, hana pa kulipitishia neno lake. Dishi hupokea tu.

Siku hizi wataalamu wanaizungumzia sana televisheni ya kujibizana, yaani ile iliyounganishwa na intaneti, ambayo mtazamaji anaweza kuiuliza, kuijibu, kuipigia kura na kuichagulia mwendo wa kipindi. Ujenzi wake si jambo la miujiza, na sehemu kubwa ya ufundi wake imekwisha kujulikana. Jambo gumu ni njia ya kurudi: jibu la mtazamaji litapita wapi, na nani atalipia safari yake.

Ili msomaji aelewe shida hiyo, hana budi kwanza kutofautisha njia mbili. Setilaiti ya utangazaji hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilometa 35,786 kutoka ardhini. Inapomwaga mawimbi yake, gharama ni ileile wakiwa watazamaji kumi au milioni kumi. Mnara wa ardhini hufanya vivyo hivyo, ila vilima kama vya Mufindi huukatiza. Intaneti haiko hivyo. Kila mtazamaji wa intaneti huletewa nakala yake mwenyewe, na kila nakala ina gharama, ambayo mara nyingi hutoka katika kifurushi alichokinunua kwa fedha zake.

Tuchukue hesabu ndogo. Picha nzuri ya televisheni ipitayo katika intaneti huhitaji biti milioni 3 hivi kwa sekunde. Kwa saa moja hizo ni baiti 1,350,000,000. Ujumbe mfupi wa simu hubeba baiti 140 tu, ambazo hutosha herufi 160. Kwa hiyo saa moja ya picha ni sawa na jumbe fupi zaidi ya milioni 9 na nusu. Jibu la mtazamaji, “A” au “B”, halijazi hata ujumbe mmoja. Hesabu hii peke yake yatosha kumwonyesha mjenzi kazi yake: vitu vizito, yaani picha, sauti, ramani na maelezo, vishuke kwa mawimbi ya utangazaji, na intaneti au simu iachiwe vitu vyepesi vipandavyo.

Wazo la kumshirikisha mtazamaji ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1953 huko Marekani kituo cha CBS kilianza kipindi cha watoto, Winky Dink and You, ambacho watoto walikijibu kwa kuchora kwa kalamu za rangi juu ya karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye kioo. Kituo hakikupata kujua nani amechora nini. Mwaka 1974 BBC ya Uingereza ilianza Ceefax, ambayo iliingiza kurasa za maandishi katika nafasi tupu zilizomo ndani ya mawimbi ya picha. Mtazamaji aliandika namba ya ukurasa, akasubiri mpaka zamu yake ifike. Huduma hiyo ilidumu hadi Oktoba 2012. Katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, mwaka 1977 ulianzishwa mtambo wa QUBE, ambao kwa hakika ulikuwa na njia ya kurudi: waya uleule ulioleta picha ulirudisha majibu ya watazamaji. Gharama yake ilikuwa kubwa mno, nao ulifungwa katika miaka ya 1980.

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini katika kubadili mitambo ya zamani kuwa ya tarakimu, Tanzania haikuchelewa. Mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya mwishoni mwa Aprili 2013. Ndipo ving'amuzi vilipoingia majumbani. Wengi walivihesabu kuwa ni kero na gharama mpya, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Hata hivyo, king'amuzi ni kompyuta ndogo, na hilo ndilo linaloifanya televisheni ya kujibizana iwezekane.

Hufanyaje kazi? Huko Ulaya kanuni zitumikazo sana ni zile ziitwazo HbbTV, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Katika mkondo wa tarakimu uletao picha na sauti huingizwa jedwali dogo ambalo mtazamaji halioni. Jedwali hilo huiarifu televisheni kwamba kituo hiki kina programu yake, nayo yapatikana katika anwani fulani ya mtandao. Televisheni huichukua programu hiyo, ambayo kwa kweli ni ukurasa wa mtandao uliotengenezwa kwa ajili ya kioo kikubwa, kisha huonyesha pembeni alama ya kitufe chekundu. Mtazamaji akikibonyeza katika rimoti, ukurasa hufunguka juu ya picha.

Na asiye na intaneti? Kwake programu inaweza kuletwa na mawimbi yenyewe. Mafaili huzungushwa mfululizo, kama masanduku ya mizigo yazungukavyo katika uwanja wa ndege, na king'amuzi hudaka kinachohitajiwa. Kurasa zenye jumla ya baiti milioni 1, zikipewa nafasi ya biti 500,000 kwa sekunde, humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 16. Mtazamaji husubiri kwa wastani sekunde 8. Si haraka, lakini halipi kitu, na mvua kubwa tu ndiyo iwezayo kumkatiza. (Ukungu wa Mufindi husingiziwa bure, matone yake ni madogo mno kuweza kuyazuia mawimbi ya setilaiti.)

Kwa njia ya kurudi, mfano ulio karibu ni Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha hesabu na sayansi kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014. Watengenezaji wake hawakungoja kila nyumba iwe na intaneti. Swali lilitokea katika kioo pamoja na majibu ya kuchagua. Mtoto aliazima simu ya mzazi, hata iwe ya vitufe, akatuma jibu kwa ujumbe mfupi, naye akarudishiwa ujumbe. Picha zilishuka kwa mawimbi, jibu likapanda kwa simu. Mgawanyo huo ni ule ule unaodaiwa na hesabu iliyotangulia kuonyeshwa.

Ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni kubipu. Namba moja huwekwa kwa “ndiyo”, nyingine kwa “hapana”. Mtu hupiga na simu hukatwa kabla haijapokewa. Kompyuta huwa imekwisha kuiona namba iliyopiga, na mpigaji hajatozwa senti. Vipindi vya redio vya wakulima nchini vimekwisha kuitumia njia hii. Yafaa isidharauliwe na wahandisi wa televisheni kwa sababu tu ilianza kama ujanja wa watu wasio na salio. Kura inayolipiwa huhesabu mifuko pamoja na maoni: mwenye fedha hupiga mara ishirini, asiyenazo hapigi kabisa.

Chukulia sasa kipindi cha wakulima wa miti. Karibu na Mafinga liko Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, na wananchi wengi wa wilaya hiyo wana mashamba yao wenyewe ya misindano na mikaratusi. Mtaalamu anaeleza upogoaji, kisha anauliza: miti yako ina umri gani? Mwenye televisheni ya intaneti anabonyeza kitufe. Mwenye king'amuzi cha kawaida anabipu. Mwenye simu ya vitufe anatuma namba. Majibu yote yaingie katika seva moja na kuhesabiwa kwa kanuni moja. Kama majibu mengi yatoka kwa wenye miti michanga, mtaalamu huendelea na habari ya kupalilia na kukata njia za kuzuia moto. Kwa mtu aliyewekeza akiba yake katika ekari mbili za misindano, jambo hilo si mchezo. Moto wa kiangazi ukipita humpotezea kazi ya miaka kumi na zaidi katika mchana mmoja.

Mjenzi atakutana hapo na matatizo mawili ambayo vitabu vya nchi tajiri huyataja kwa kifupi. La kwanza ni wakati. Picha ipitayo katika intaneti mara nyingi huchelewa sekunde 10 hadi 30 nyuma ya ile ya dishi. Ndiyo maana banda zima hupiga kelele za goli na kijana atazamaye katika simu yake nje ya mlango hajauona mpira ukivuka nusu ya uwanja. Kura ikifungwa kwa saa ya studio, huyo hunyimwa haki yake. Kwa hiyo ishara ya kufunga haina budi kusafiri ndani ya mkondo wenyewe wa picha, na seva iwavumilie wanaochelewa. Aidha, watu 100,000 wakibonyeza katika sekunde 10, seva hupigwa na maombi 10,000 kila sekunde. Dawa yake ni rahisi: kila televisheni ingoje muda wa kubahatisha kabla ya kutuma. Wakitawanywa katika sekunde 200, maombi hushuka kuwa 500 kwa sekunde, kazi ambayo seva ya kawaida yaiweza.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo si la mitambo. Wabunifu wa Ulaya na Marekani hudhani kwamba televisheni moja ni nyumba moja, na rimoti moja ni mtu mmoja. Katika kibanda cha Mafinga kioo kimoja huweza kutazamwa na watu arobaini, na rimoti iko mkononi mwa mwenye banda. Akibonyeza “A”, ni jibu la nani?

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili, ingawa ulipatikana kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi 75,000 hivi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, vitabu na saa ya kusikiliza. Kipindi kikiisha, wanakikundi walijadiliana na kukubaliana la kufanya. Ilifuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Kujibizana kulikuwako, bila waya wala kitufe, kwa sababu kikundi chenyewe kilifanywa kuwa sehemu ya mtambo. Programu ya televisheni iliyotungwa kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini ingeweza kuuliza mambo mawili badala ya moja: mmejibu nini, na mko wangapi? Tarakimu mbili za ziada hazigharimu chochote katika ujumbe wa herufi 160. Udanganyifu wa idadi utakuwapo, bila shaka; lakini kosa hilo hupungua likilinganishwa na lile la kuwahesabu watu arobaini kuwa mmoja.

Lugha ya kioo nayo yahitaji uangalifu. Mtazamaji hukaa meta tatu au nne kutoka kwenye televisheni, na maneno ya Kiswahili hurefuka kwa viambishi. Kitufe kilichochorwa kwa neno fupi la Kiingereza hakiwezi kubeba tafsiri ndefu. Amri fupi zipo: jibu, rudi, ngoja, funga. Zitumike hizo.

Njia ya kurudi hupitisha pia mambo ambayo mtazamaji hakukusudia kuyatuma. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushitakiwa kwamba televisheni zake zilirekodi mambo yanayotazamwa majumbani bila ridhaa ya wenyewe. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Namba ya simu iliyobipu ni taarifa binafsi. Mkulima aliyejibu swali la misindano asije akashitukia kesho yake anapigiwa simu na wauza mbolea.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hupita Iringa na Mbeya ukielekea mpakani Tunduma, lakini waya mkuu kupita karibu hakumpi kila mwananchi kifurushi. Programu za namna hii kwa kawaida hujaribiwa katika vyumba vya Dar es Salaam venye intaneti ya kasi na televisheni mpya. Zingejaribiwa pia Mafinga, kwa king'amuzi cha bei ya chini, saa 2 usiku ambapo mtandao wa simu umejaa, na mpimaji akiwa na saa mkononi: sekunde ngapi hupita kutoka kubonyeza hadi kioo kuandika “jibu limepokelewa”, na mtandao ukikatika kabla ya hapo, je, kioo humwambia mtazamaji kweli, au humwacha akidhani amesikika?