Gari Likichemka, Usikimbilie Kifuniko

Je, msomaji, umewahi kuona mshale wa kipimo cha joto ukikwea hadi kwenye alama nyekundu huku mvuke ukifuka chini ya boneti? Ni jambo la kawaida msimu wa likizo. Safari ya kutoka Mombasa huanzia usawa wa bahari na kuishia Nairobi, takriban mita 1,700 juu. Gari lililosheheni watoto, mizigo na magunia ya nazi lina kazi kubwa ya kupanda.

Hapo madereva wengi hukimbilia kufungua kifuniko cha rejeta. Usithubutu! Kifuniko hicho huyabana maji, hivyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, maji hugeuka mvuke ghafla na kuruka juu. Atakayeungua ni wewe uliyeinama, na mtoto anayechungulia kando yako. Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mkimbize hospitalini.

Basi ufanye nini? Mshale unapoanza kupanda, zima kipoza hewa na ufungue hita hadi mwisho. Mtatokwa jasho, lakini hita huondoa joto kwenye injini. Egesha mahali salama, zima injini, na uwashushe abiria upande ulio mbali na barabara. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta uwe umepoa. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kizito, ukilegeze kidogo mvuke utoke, kisha ukifungue. Tia maji kidogo kidogo, kwani maji baridi yakimiminwa kwenye injini yenye moto yanaweza kuipasua.

Sasa tafuta chanzo. Je, kuna maji yanayovuja chini ya gari? Mipira imepasuka? Mkanda umelegea au kukatika? Feni inazunguka? Rejeta imezibwa na matope na wadudu? Hata kifuniko chenyewe, mpira wake ukichakaa, hakiwezi kubana maji.

Huenda pia themostati imekwama. Fundi akikushauri uiondoe kabisa, mkatalie. Bila themostati injini huchelewa kupata joto linalofaa, na petroli huliwa zaidi. Nunua nyingine.

Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili. Usiwashe injini tena. Tafuta gari la kukuvuta.

Kukagua maji, mipira na mkanda asubuhi, injini ikiwa baridi, ni kazi ya dakika tano. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari, ufa ni mpira wa bei nafuu; ukuta ni injini nzima.