Riwaya ya mauaji inavyoweza kumfungua mtoto mdomo

Wazazi wengi wakimkuta kijana amejifungia chumbani na riwaya ya mauaji, humnyang'anya kwanza, maswali baadaye. Hofu yao inaeleweka. Hata hivyo, kitabu hichohicho kinaweza kumsaidia mzazi kuzungumza na mwanawe mambo yasiyotajwa nyumbani.

Katika miji midogo ya mwambao, kutoka Bagamoyo hadi Saadani, watu wanajuana kwa ukoo na kwa mtaa. Ujirani huo ni ngao kwa mtoto, lakini pia hulinda siri. Likitokea jambo ndani ya familia, neno la kwanza huwa "tusiaibishane". Wakati mwingine lawama hupewa jini.

Mwandishi wa Zanzibar, Muhammed Said Abdulla, aliigusa tabia hiyo zamani. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa miaka 10. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957-58 na kuchapishwa 1960. Ndani yake, Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, na wapo wanaoamini ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, anawachunguza walio hai.

Somo hilo linahusu afya ya watoto wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wavulana pia wamo. Anayemuumiza mtoto anaweza kuwa mtu anayeamkiwa shikamoo kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzazi afanye nini?

Soma kwanza wewe. Kitabu chenye damu nyingi si cha mtoto wa darasa la tatu, na kijana akianza kukosa usingizi, kiwekwe kando.

Uliza kuhusu wahusika, usimhoji mtoto. Nani alijua akanyamaza? Aliogopa nini? Wewe ungemwambia nani? Kijana asiyeweza kusema "mimi" huweza kusema "yule".

Akikufungulia moyo, msikilize bila kumkaripia wala kumlaumu. Kama amebakwa, mpeleke hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116 bila malipo.

Msiyamalize kwa kikao cha ukoo. Aibu ya familia hupita, lakini mtoto aliyenyamazishwa hubaki na maumivu yake hadi utu uzima.