Vyumba Vinne vya Kupangisha: Piga Hesabu Kabla ya Kuchimba Msingi

Mtu akipata mafao ya kustaafu au akiuza shamba la urithi, ushauri wa kwanza atakaopewa Dar es Salaam ni huu: jenga vyumba upangishe. Si ushauri mbaya. Ubaya uko kwenye hesabu yake, ambayo wengi huipiga kwa kuzidisha tu: idadi ya vyumba mara pango mara miezi 12, basi, fundi aitwe.

Tuipige upya. Chukua mfano wa kubuni: nyumba ya pembezoni mwa jiji yenye sehemu nne, kila moja chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, pango shilingi 150,000 kwa mwezi. Kiwanja na ujenzi vimekula milioni 80. Kwa kuzidisha, mwaka unaleta milioni 7.2. Sasa anza kutoa. Kila sehemu ikae tupu mwezi mmoja kwa mwaka, kati ya mpangaji anayehama na anayehamia, 600,000 imekwenda. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, tena ya pango lote, si ya kinachobaki baada ya matumizi: 660,000. Kodi ya majengo 18,000. Tenga 600,000 za matengenezo, na 300,000 za kunyonya choo, taa za nje na usafi wa uwanja. Mkononi inabaki 5,022,000, kama asilimia 6.3 ya fedha uliyoizika pale. Mtaji utarudi baada ya miaka 16 hivi, kama hakuna kubwa litakalotokea.

Mwaka 2022 Benki Kuu iliposhusha riba ya hatifungani ya Serikali ya miaka 20, iliitoa asilimia 15.49 ikaiweka 12.1, na watu walilalamika. Wengi wa wanaojenga vyumba wangeifurahia hiyo 12.1. Sisemi usijenge. Kiwanja hupanda thamani, pango hupanda pamoja na bei ya unga, na hatifungani haina chumba cha kukuhifadhi uzeeni. Ila anayekopa benki kwa riba ya asilimia 15 ili ajenge vyumba vya kurudisha 6, huyo anaezeka hasara kwa bati jipya.

Wenye nyumba wapya wengi hawafiki hata kwenye hesabu hii, kwa sababu ya mazoea yetu ya kudai pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha inaingia Januari, inakuta ada za shule mlangoni. Julai pampu ya kisima inaungua, wapangaji hawana maji, na mwenye nyumba hana kitu, wala hawezi kumdai mtu aliyekwisha kumlipa hadi Desemba. Pango lililolipwa mbele ni la miezi ambayo bado hujamhudumia mpangaji. Fungua akaunti ya nyumba peke yake, kila mwezi chukua fungu la mwezi huo tu, na fungu la matengenezo usiliguse hata ukipata msiba.

Ningekwenda mbele zaidi: pokea miezi mitatu mitatu. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa uhakika anaweza kushindwa kutoa 1,800,000 kwa siku moja, lakini 450,000 akazipata. Ukimkataa ili umsubiri mwenye fedha ya mwaka, na chumba kikakaa tupu miezi miwili, umepoteza 300,000 kwa ajili ya kiburi. Hesabu hiyohiyo inahusu kupandisha pango. Ongezeko la 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka. Mpangaji mzuri akihama kwa ajili yake, mwezi mmoja mtupu unakula 150,000, bado rangi. Dalali atakwambia bei ya mtaa imepanda. Kumbuka kwamba yeye hula pale mtu anapohamia, si pale mtu anapokaa.

Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga, hata hivyo, hauhusu pango. Unahusu umeme wa Luku. Mita moja, kaya nne, mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi nguo za biashara, na kila jioni mtu anapita mlango hadi mlango akichangisha. Submita hupunguza kelele, lakini haziondoi hasara ambayo wengi hawaijui. Tanesco ina kundi la watumiaji wadogo, D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292. Kaya mbili tatu zikichangia mita moja, zinavuka 75 bila shida, na hata bibi mwenye taa mbili na redio analipa bei ya juu. Omba mita ya kila sehemu wakati wa kujenga, nyaya zikiwa bado hazijafukiwa ukutani. Ni gharama, lakini ni jambo ambalo mpangaji analiuliza siku ya kwanza.

Jambo moja la kuangalia hapo: kodi ya majengo hukatwa kupitia Luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba moja ikiwa na mita nne, isikatwe mara nne. Ukiona hivyo, peleka namba za mita kwa mamlaka inayokusanya kodi hiyo. Na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji wakati kodi ni yako, mrudishie au ipunguze kwenye pango. Ni kiasi kidogo, lakini wapangaji wanakihesabu.

Kuhusu kiwanja, nenda kakione Aprili, masika yamekolea, si Septemba. Wauzaji wa mabondeni wanaipenda sana Septemba. Usiridhike na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Kafanye upekuzi ofisi ya ardhi, na kama muuzaji ana ndoa, mwenzake naye aweke sahihi.

Halafu andika mkataba, hata mpangaji akiwa mtoto wa shangazi. Utaje pango, tarehe, nani anatengeneza nini, notisi ya kila upande, na hali ya chumba siku ya kukabidhi, picha zikiwepo. Mpangaji akigoma kulipa, usimng'olee mlango wala kumkatia maji. Anaweza kukushtaki wewe, na akashinda. Pa kwenda ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa chumba chetu cha 150,000 ni shilingi 18,000, zilipe mkataba ukiwa bado mpya.