Kitufe cha Kupenda Katika Barua Pepe za Biashara: Wajasiriamali wa Mbeya na Iringa Wazingatie Nini?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Kila mwaka ifikapo mwanzoni mwa Agosti, Viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya hufurika wakulima, wafugaji, wasindikaji na wafanyabiashara wanaokuja kuonesha na kujionea mazao ya Nyanda za Juu Kusini. Katika mabanda mengi huwapo daftari kubwa lililochorwa mistari kwa rula: jina, atokako mgeni, namba ya simu, barua pepe, maoni. Madaftari ya namna hiyo huonekana pia katika maonesho ya utalii ya Karibu Kusini mkoani Iringa, na katika mapokezi ya nyumba za wageni za Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mgeni huandika, hushukuru, huondoka.

Miezi michache baadaye daftari hilo huanza kazi nyingine. Anwani zilizomo hunakiliwa kwenye kompyuta, na barua moja yenye picha za tembo wa Ruaha, vikapu vya milulu vya Iringa au parachichi za Rungwe hutumwa kwa wote kwa mpigo mmoja. Chini ya barua hiyo huwekwa kidole gumba cha Facebook au alama ya mtandao mwingine wa kijamii, ili mpokeaji abofye kuonesha kwamba amependa. Vijana hukiita kitufe hicho laiki. Wapo mafundi wa matangazo wanaowaaminisha wajasiriamali kwamba kila anayekibofya ni mteja aliyekwisha kupatikana.

Makala haya yanaeleza kitufe hicho hufanya nini hasa kikiwa ndani ya barua pepe, kwa nini mara nyingi hakifanyi kile anachodhani mwenye biashara, na sheria za nchi zinamtaka atimize nini kabla ya kukiweka.

Picha iliyofungwa kiungo

Facebook ilianzisha kitufe cha kupenda ndani ya mtandao wake Februari 2009, na Aprili 2010 ikaruhusu tovuti nyingine kukipachika katika kurasa zao. Kikiwa kwenye tovuti, kitufe hicho ni kipande kidogo cha programu kinachovutwa kutoka seva za Facebook kila ukurasa unapofunguliwa. Ndiyo maana kiliweza kumtambua msomaji aliyekwisha kuingia katika akaunti yake na kuhesabu kupenda kwake papo hapo.

Barua pepe haifanyi kazi hivyo. Gmail, Outlook, Yahoo na huduma nyingine kubwa huondoa programu zilizopachikwa ndani ya barua kabla ya kumwonesha mpokeaji, kwa sababu wahalifu wangeutumia mlango huohuo kupenyeza virusi. Kwa hiyo kidole gumba kinachoonekana chini ya barua ni picha tu iliyofungwa kiungo. Anayekibofya huwa bado hajapenda chochote. Hufunguliwa kivinjari, hupelekwa kwenye ukurasa wa biashara, pengine huombwa nywila aliyoisahau zamani, na huko ndiko anakotakiwa kubofya mara ya pili. Abiria aliyemo basini kati ya Makambako na Igawa, mwenye kifurushi kinachokaribia kwisha, ana kila sababu ya kuachia njiani.

Aidha, Novemba 2025 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, ilitangaza kwamba kitufe cha kupenda kinachopachikwa katika tovuti za nje kingekoma kufanya kazi kuanzia tarehe 10 Februari 2026. Ndani ya Facebook kwenyewe watu wanaendelea kupenda kama kawaida. Lakini mjasiriamali ambaye barua zake zilikuwa zikimpeleka msomaji kwanza kwenye tovuti yake, ili abofye kidole gumba kilichopachikwa huko, anapaswa kubadili kiungo hicho kiende moja kwa moja kwenye ukurasa wake wa Facebook, au kwenye chapisho husika.

Lipo pia suala la picha yenyewe. Outlook, kwa kawaida, huzificha picha zinazotoka kwa mtumaji asiyefahamika hadi mpokeaji aziruhusu. Barua yenye vitufe vya picha pekee itamfikia mpokeaji huyo ikiwa na visanduku vitupu. Mstari mmoja wa maneno, kwa mfano “Tembelea ukurasa wetu wa Facebook”, uliofungwa kiungo, huonekana popote na hauli kifurushi cha mtu. Mwandishi wa makala haya angechagua mstari huo kuliko alama tano za rangi zilizopangwa kama shanga.

Mwenye biashara anapaswa pia kujiuliza anamwomba mpokeaji afanye jambo gani. Kuna kupenda chapisho, kuna kufuata ukurasa, na kuna kusambaza habari kwa wengine, na haya matatu hayafanani. Tuchukulie mwenye kampuni ya kuongoza watalii mjini Mbeya anayetaka kuwajulisha wageni wake wa zamani kwamba maua ya Kitulo yamechanua. Habari hiyo ina msimu wake, kwa kuwa maua ya hifadhi hiyo hustawi wakati wa mvua, na baada ya Aprili hupungua. Kinachomfaa ni kiungo cha kusambaza, ili aliyekwisha kufika Kitulo amtumie rafiki ambaye hajafika. Idadi ya waliopenda picha ya ua haitamsaidia kujaza gari. Kwa upande wa kikundi cha kina mama wa Iringa kinachosuka vikapu, mnunuzi anayefuata ukurasa ana thamani kubwa zaidi, kwa sababu vikapu vipya hutoka mwaka mzima na naye ataviona bila kutumiwa barua kila mara. Mwenye nyumba ya wageni anahitaji kitu kingine kabisa, nacho ni maoni yaliyoandikwa na aliyelala hapo. Barua moja ibebe ombi moja.

Kupenda si kuridhia

Suala zito zaidi linatangulia kitufe chenyewe: je, mpokeaji aliridhia kuandikiwa?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Juu ya msingi huo, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anapaswa kusajiliwa na Tume. Taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi linalojulikana kwa mhusika, na zisigeuzwe kutumika kwa lengo lingine bila ridhaa yake. Ridhaa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Mwananchi pia ana haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Kabla ya hapo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kukataza kutuma matangazo ya bidhaa au huduma kwa mtu asiyeyaomba. Kifungu cha 32 kinataka mambo matatu: mpokeaji awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe na kueleza kusudi lake mwanzoni mwa ujumbe, na mpokeaji apewe njia ya kukataa ujumbe mwingine. Sheria hiyo inamchukulia kuwa ameridhia mteja ambaye anwani yake ilipatikana katika mauzo au mazungumzo ya mauzo. Hata hivyo, hapo pia yapo masharti: anachotangaziwa kiwe kinafanana na alichokinunua au alichokuwa akikitaka, awe alipewa nafasi ya kukataa asikatae, na nafasi hiyo irudiwe katika kila ujumbe unaofuata.

Turudi kwenye daftari la banda. Mtu aliyenunua kilo mbili za kahawa na kuacha anwani ili atumiwe risiti yumo ndani ya masharti hayo, ikiwa muuzaji alimpa nafasi ya kukataa matangazo. Lakini aliyepita kuangalia tu, akatia sahihi daftari la wageni kwa adabu kama afanyavyo msibani au harusini, hakununua kitu wala hakuomba kuuziwa. Kumwandikia huyo barua ya matangazo ni kuitumia sahihi yake kwa jambo ambalo hakulitilia sahihi. Na hata akibofya kidole gumba baadaye, amependa picha ya tembo. Hakusema aandikiwe kila mwezi, wala hakuruhusu jina lake lipewe mtu wa tatu.

Suala hilo la mtu wa tatu ndilo husahaulika zaidi. Huduma nyingi za kutuma barua kwa mkupuo humpa kila mpokeaji kiungo chake cha pekee, hivyo mtumaji anaweza kuona ni nani hasa aliyebofya, lini, na kwa kifaa gani. Hiyo nayo ni taarifa binafsi. Mara nyingi huhifadhiwa katika seva zilizo nje ya Tanzania, na usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi una masharti yake katika sheria ya mwaka 2022.

Ulaya tayari limekwisha kuamuliwa shauri linalofanana na hili. Duka moja la nguo la mtandaoni nchini Ujerumani, Fashion ID, lilipachika kitufe cha kupenda cha Facebook katika tovuti yake. Taarifa za kila aliyefungua tovuti hiyo zikawa zinakwenda Facebook, hata kama hakubofya kitufe na hata kama hakuwa na akaunti huko. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye duka anawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya na kupeleka taarifa hizo, ingawa hawajibiki kwa yale ambayo Facebook inayafanya nazo baadaye. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania. Lakini wageni wengi wa Ruaha hutoka Ulaya, na kanuni za Ulaya za ulinzi wa taarifa, zinazotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, zinaweza kumgusa mfanyabiashara aliye nje ya bara hilo anayewalenga wakazi wake. Afadhali picha ya kitufe ihifadhiwe katika seva ya mwenye biashara, pasiwe na kitu kinachokwenda kwenye mtandao wa kijamii mpaka mpokeaji abofye mwenyewe.

Adhabu zake si ndogo. Kampuni inayotoa taarifa binafsi za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1 na isiyozidi shilingi bilioni 5. Kwa mtu binafsi faini hufika shilingi milioni 20, na kifungo hufika miaka 10.

Kitufe ambacho mtumaji hakukiweka

Katika kila barua pepe kipo kitufe kingine cha kuonesha maoni, nacho hakiwekwi na mtumaji. Ni kile cha kuripoti kwamba barua ni taka. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji kuthibitisha kwamba barua zinatoka kweli katika anwani zao, na kuhakikisha kwamba wanaoziripoti hawafiki asilimia 0.3. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wanatakiwa pia kuweka njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja.

Mjasiriamali wa Tungamalenga hatafika barua 5,000 kwa siku. Lakini kiwango cha malalamiko kinamhusu, na hesabu yake ni kali kwa mwenye orodha fupi: akituma barua 400, watu wawili tu wakiziripoti, amefika asilimia 0.5. Kuanzia hapo barua zake zinaweza kuanza kutupwa kapuni kimyakimya, pamoja na zile za kuthibitisha nafasi kwa mgeni aliyekwisha kulipa. Hapo ndipo kiungo cha kujiondoa kilichofichwa kwa herufi ndogo kinapomgharimu mwenyewe: asiyekiona huchukua njia iliyo karibu, nayo ni kuripoti. Kiandikwe kwa ukubwa uleule wa maandishi ya barua.

Wananchi wanaopokea barua hizo nao wawe waangalifu, kwa kuwa kidole gumba ni picha ambayo yeyote anaweza kuinakili. Ukurasa unaofunguka baada ya kubofya ukiomba nywila, soma kwanza anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa si ya mtandao unaoufahamu, funga. Anayeendelea kupata matangazo baada ya kujiondoa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni vyema atunze barua zenyewe na tarehe aliyojiondoa, maana hizo ndizo zitakazoangaliwa.

Kwa wanaojiandaa na maonesho yajayo, sehemu ya kazi hii inaweza kufanyika kabla ya kompyuta kuwashwa. Juu ya ukurasa wa daftari liandikwe jina la biashara na sababu ya kuomba anwani. Baada ya safu ya barua pepe ichorwe nyingine yenye maneno “Naomba kutumiwa habari za bidhaa zenu”, mgeni aweke alama kwa mkono wake. Anwani zitakazoingizwa kwenye orodha ya matangazo ni zile zenye alama tu.